Antena ya Ploti Yetu, Gatongora, Yazinduliwa

Mheshimiwa mwakilishi wa Chifu, ambaye ameshindwa kufika, mwakilishi wa huyo mwakilishi, ambaye yuko njiani, Pasta, landlord, keateka wetu Mwas, mtunza jengo mwenye funguo za ruf kule paani, kina mama wa chama, na wewe Shosho Beth uliyeketi hapo mbele na rimoti mkononi, hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Hatujambo, endelea!)

Mimi Zacharia Ngigi, mwasisi, mwenyekiti na msemaji wa Kamati ya Maono ya Televisheni, nasema bila kujisifu, ingawa ningekuwa na haki, kwamba kabla yangu asilimia mia moja na nne ya picha za TV katika ploti hii zilikuwa zinakwama mtu akiwa ameachama mdomo! (Kicheko.) Ndipo nikaitisha public participation, nikashiriki peke yangu, nikakubaliana nami, tukaenda benchmarking mtaa wa Kahawa Wendani, tukatazama antena ya hosteli moja kutoka chini, tukala nyama, tukarudi.

(Shosho Beth: “Ngigi, ni saa tisa kasoro dakika tano! Wanja wangu anaimba na kwaya saa tisa! Mjukuu wangu, kwa TV!”)

Shosho, tulia, dawa iko jikoni. Wanja utamwona mpaka meno ya nyuma. (Makofi.) Enzi za kufunga waya kwa kifuniko cha sufuria zimekwisha, kwa sababu strategic framework yetu, Phase One, Phase Two, na ile Phase ambayo bado tunaitafutia namba, inaleta antena ya kisasa yenye kushika stesheni hata ambazo hazijafunguliwa! Antena juu! (Juu!) Juu wapi? (Juu kabisa!) Sasa navuta blanketi. (Anavuta.)

(Mama Kavata wa chumba cha nane: “Haiya! Si hicho ni kifuniko changu cha sufuria?”)

Naam. Kwa kumalizia, nawashukuru wote, hasa Mama Kavata, ambaye kifuniko chake ndicho pekee kilichokuwa kinashika stesheni ploti nzima, nasi asubuhi, tukiona ni aibu kuzindua hewa, tukakishusha kutoka ruf. Anayejua kilivyokuwa kimeelekezwa apande mbio, maana saa ni tisa na robo. Picha safi! Nimesema picha safi! (Shosho Beth anasimama.) Shosho, hiyo rimoti iweke chini. Shosho! Mwas, mshike Shosho!