Vita vya Mtungi wa Asali wa Gitobu wa Ruiri

Tulizeni masikio, enyi mliowahi kuambiwa kwamba mzigo uko njiani! Sogeeni, ninyi mliokalia viti vya plastiki hadi vikachukua umbo lenu. Nawe uliyepiga simu ya huduma kwa wateja, ukachezewa muziki hadi salio likaisha, njoo ukae mbele kabisa. Sitawasimulia habari za wafalme, maana hakuna mfalme aliyewahi kupanga foleni Meru mjini. Nitawasimulia jinsi Gitobu mwana wa Angeline, Simba wa Ruiri, mkulima wa viazi asiyejua kurudi nyuma, alivyokwenda kuchukua mtungi mmoja wa asali, akauchukua. Naam, akauchukua! Mwenye moyo mdogo na aondoke sasa.

Yajulikane kwanza yaliyompeleka vitani. Gitobu alikuwa amefikia umri ambao akina mama wa kanisa humwombea mtu mke kimoyomoyo, akaupita, wakaanza kumwombea kwa jina na kwa kipaza sauti. Ndipo alipompata Karwirwa wa Muthara, fundi cherehani, mwenye sindano kali na ulimi mkali kuishinda. Wazee wa Muthara wakakubali kuzungumza mahari, ila wakaweka sharti walilolikuta kwa baba zao: ng'ombe watajadiliwa, mbuzi watajadiliwa, lakini mdomo wa mzee haufunguki kabla ya asali kufika. Tena iwe asali ya nyuki, si sukari iliyochemshwa, kwa kuwa ukoo mmoja uliwahi kuwaletea sukari na hawajausamehe hadi leo. Mara ya kwanza akina Gitobu walifika mikono mitupu wakisingizia ukame. Walinyweshwa chai, wakasindikizwa hadi langoni kwa adabu inayouma kuliko matusi.

Hapo langoni Karwirwa alimvuta kando. "Gitobu, nakupenda, sitaki kukuficha. Lakini sitaaibishwa mara mbili mbele ya wajomba zangu. Jumamosi, kabla ya saa sita, asali iwe mezani. Isipokuwepo, usinitafute tena."

Gitobu akaapa kwa mbingu na kwa viazi vyake vyote. Mjomba wake Njiru, bwana wa mizinga kule Siakago, akajaza mtungi wa manjano asali nzito ya Mbeere. Njiru hakutaka kukisikia kifuniko cha plastiki, eti kinaharibu ladha. Akauziba mdomo wa mtungi kwa nta na ganda la mgomba, vile baba yake alivyoziba vibuyu. Ni kazi safi, mradi mtungi usimame wima. Kwa hiyo akaandika ubavuni kwa makaa, kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa: SIMAMISHA.

Sasa, nani aulete mtungi kutoka Siakago? Mama Angeline alikuwa na jibu. "Mwambie Mzee Nyamu. Si anapeleka kabichi Embu kila wiki? Atapita aubebe." Nyamu alikuwa na lori kongwe, naye alisimama kunywa chai popote alipoona moshi. Risiti hakuwahi kuandika tangu azaliwe. Gitobu alicheka hadi akashika mbavu.

"Mama, huu ni wakati mwingine. Kuna kampuni inaitwa Swara Vifurushi. Wanatangaza kwa redio kwamba mzigo unafika kabla chai haijapoa. Wanakutumia ujumbe kwa simu. Mama, wana kofia! Nyekundu, zimeandikwa!"

"Kofia inabeba asali?" Angeline akauliza.

Hapa wataalamu wa biashara wakae kimya wajifunze, maana mteja ni kiumbe cha ajabu. Huyu huyu Gitobu, akinunua nyanya, huzunguka soko zima akizibonyeza moja moja. Lakini siku ya kukabidhi mke wake mtarajiwa kwa watu asiowajua, aliangalia kofia. Akazitazama, akaridhika.

Basi Njiru akaufikisha mtungi Embu, ukapakiwa, na simu ya Gitobu ikaanza kunguruma. Mzigo wako uko njiani. Mzigo wako bado uko njiani. Hata Jumamosi asubuhi ikanena: mzigo wako umewasili Meru, asante kwa kutuchagua. Gitobu akavaa koti la heshima, akamtanguliza mama yake Muthara pamoja na wazee wa ukoo, naye akashuka mjini kama jemadari anayekwenda kupokea funguo za jiji.

Ngome ya Swara Vifurushi ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa kioo. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa: MTEJA NI MFALME. Chini yake, madogo: usiegemee kioo. Nyuma ya kioo aliketi Virginia, mlinzi wa lango, amevaa ile kofia. Na nyuma ya Virginia, masalale! Mtungi ulikuwa pale. Ulikuwa kichwa chini miguu juu, umekandamizwa na katoni ya vigae, na neno SIMAMISHA nalo limepinduliwa. Tone la asali lilikuwa likishuka polepole sakafuni.

"Ule pale!" Gitobu akanguruma. "Dada yangu, ule wa manjano ndio wangu!"

"Sistimu imelala," akasema Virginia.

"Iamshwe!"

"Inajiamsha yenyewe. Keti pale, kastoma."

Ndipo Simba wa Ruiri alipopanua kifua, akahutubu mbele ya umati wa watu wanne na kuku mmoja aliyekuwa akisafirishwa Chuka. "Ewe binti wa kofia nyekundu! Mimi sikuja kuomba, nimekuja kuchukua. Ule mtungi umetoka kwa mjomba wangu, umebeba jina la baba yangu na uzao wangu ambao haujazaliwa. Kuna wazee wamenyamaza huko Muthara wakiungoja. Kitambulisho hiki hapa, ujumbe wenu huu hapa, na mwenye mali ni mimi. Kati yangu na mke wangu kuna kioo hiki tu! Je, utakuwa wewe wa kunirudisha kwa mama yangu bado kapera?"

Virginia alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana," akasema. "Lakini sistimu imelala."

Kelele zikamtoa meneja. Huyu alikuwa Oscar, Mkuu wa Tawi, Ngao ya Utaratibu, aliyehudhuria semina ya kumjali mteja Nairobi akarudi na cheti na suti. "Ndugu mteja," akanena, mikono ameifumbata, "tunakuthamini sana. Hata hivyo, huo mzigo unaouona kwa macho, kwa sistimu bado uko Embu. Nikikupa sasa, nitakuwa nimekupa mzigo ambao haujafika. Unaona hatari hiyo?"

Gitobu alijaribu kuiona hatari hiyo, akashindwa. Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake.

"Wazee wameketi," Angeline alinong'ona. "Mzee Riungu, baba mkubwa wa msichana, ameangalia saa mara mbili. Karwirwa amekaa jikoni, hasemi na mtu. Uko wapi wewe?"

"Niko njiani, mama."

Alilisikia neno hilo likimtoka kinywani mwake mwenyewe. Uso ukamwiva kwa aibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa kweli kweli. Akilini alimwona Karwirwa jikoni, mikono mapajani, akihesabu makosa yake. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa mikononi, akamwomba Mungu.

Mungu, ambaye hana sistimu, akajibu upesi. Kwanza alikuja nyuki mmoja. Aliingia dirishani, akazunguka kofia ya Virginia, akatua kwenye lile tone. Akaondoka. Oscar alikuwa bado anaeleza thamani ya mteja wakati yule mmoja alipowarudia wenziwe na habari njema. Kisha dirisha likawa jeusi.

Lo! Ni kalamu gani itaandika kishindo cha siku ile? Jeshi la nyuki likaingia likivuma. Kuku wa Chuka akasahau nauli yake akatoka mbio, na mwenyewe akamfuata. Virginia akatupa kofia, akafungua kilango cha kaunta, akapita kama upepo huku akimwita mama yake kwa Kimeru. Oscar, Ngao ya Utaratibu, akaingia chini ya meza, suti na cheti.

"Kastoma!" sauti ikatoka uvunguni. "Chukua mtungi wako uende!"

Gitobu akasimama. Wallahi sijui alipata wapi ubaridi ule. "Lakini meneja, mtungi bado uko Embu."

"Umefika! Umefika, ndugu yangu! Uondoe!"

"Na sistimu?"

"Sistimu ni ya nini? Beba!"

Akapita kilangoni. Akavua koti la heshima akajifunika kichwa, akasukuma vigae, akaukumbatia mtungi na kuugeuza wima. Nyuki mmoja akamchoma mdomo wa juu, mwingine kope, wengine kila palipobaki wazi, naye hakuuachia. Akatoka barabarani akiwa ameshinda, ameviringwa na wingu lake.

Ila ushindi nao unahitaji usafiri. Boda boda walimwona, wakawasha pikipiki wakatoweka. Dereva wa tuktuk alifunga mapazia. Stendi nzima, ambayo siku nyingine humvuta mtu mkono hadi shati linachanika, ilimtazama kwa mbali na kumtakia safari njema. Jua lilikuwa linapanda, na Muthara haikuwa imesogea hata hatua moja.

Lori kongwe likasimama kando yake, limejaa kabichi. Kioo kikashushwa kidogo tu.

"Gitobu," akasema Mzee Nyamu. "Hao wote ni wako?"

"Mzee Nyamu, nisaidie. Nakuomba."

"Mimi sina risiti."

"Mzee wangu!"

"Wala kofia. Mama yako aliniambia habari za kofia." Nyamu alimtazama yule kijana, uso umevimba, macho yanatafuta njia ya kuona, mikono imekumbatia mtungi kama mtoto mgonjwa. Utani ukamwisha. "Panda nyuma. Funika na turubai. Nitakimbiza, upepo utawatoa."

Na sasa, enyi waandishi wa tarehe, liandikeni hili kwa wino usiofutika: siku hiyo Mzee Nyamu alipita moshi wa kwanza, akapita wa pili, akapita hata kibanda ambacho mandazi yake huyaota usiku, asisimame kunywa chai. Lori lilikohoa na kulalamika barabara nzima ya Maua, kabichi zikaruka, Gitobu juu yake akiushika mtungi wima kwa miguu na mikono.

Waliingia boma la Muthara jua likikaribia utosi. Wazee walikuwa wameshika fimbo zao tayari kuinuka. Gitobu akauweka mtungi mezani, asiweze kusema neno, maana mdomo wake ulikuwa umefika kabla yake. Mzee Riungu akaipapasa nta, akakuta nyuki mmoja amebaki hapo, hataki kuondoka.

"Mjini Meru soda zimemwagika kila mahali," akasema, "na hawa wamewafuata ninyi?" Akatoboa nta, akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena, jambo ambalo mila haikulidai. "Hii ni asali. Ketini, watu wa Ruiri. Tuzungumze."

Vigelegele vikapasuka kama ngome imeanguka. Karwirwa akatoka jikoni, akamtazama bwana harusi wake, hakumtambua. Akamtambua, akacheka hadi akalia, kisha akalia bila kucheka, akamfuta uso kwa leso yenye maji baridi mbele ya wajomba zake wote.

Wakati huo simu ikanguruma mfukoni. Karwirwa akaitoa, akasoma kwa sauti: Mpendwa mteja, mzigo wako umewasili Meru. Ukija na ujumbe huu utapewa kofia bure.

Jioni mahari ilipokwisha kukubaliwa, ikabaki kazi moja. Chombo cha mahari hakirudishwi kitupu kwa aliyekijaza, kwa hiyo mtungi ulioshwa ukatiwa njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, urudi Siakago kwa Mjomba Njiru. Angeline akauliza, bila kumtazama mtu, utapelekwa na nani. Gitobu akafungua ule mdomo uliovimba. Yasemekana jicho lake moja lililokuwa linaona lilikuwa likiitazama simu, na ile ahadi ya kofia.

"Nyamu," akasema Karwirwa.

Na Gitobu mwana wa Angeline, Simba wa Ruiri, mshindi wa Swara Vifurushi, akaufunga mdomo, akauinua mtungi, akaupeleka kwenye lori. Akausimamisha wima.