Unga wa Uvira Uliolimwa Kashojwa

Haya, nakiri kabla hamjasikia kwa wengine: unga wangu wa muhogo, ule "Halisi wa Uvira", haujawahi kuiona Uvira yetu ya Kongo. Muhogo wake unalimwa hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijijini Kashojwa. Kwa miaka mitatu nimekana. (Nimekana hata kwa mchungaji, aliyeuonja akafumba macho na kusema, "Mama Mwalimu, huu uko na harufu ya kwetu.")

Leo asubuhi nimefika sokoni kutoka Mbarara, nikakuta lori la serikali. Maofisa wanakamata vyakula vibovu na vyenye lebo za uongo. Unga wenye ukungu, juu ya lori! Mafuta yaliyopitwa na wakati, juu! Nikapiga makofi. Mimi ni mtu wa sheria.

"Mama Mwalimu, kuja ututafsirie!" watu wakaita.

Ukishasoma chuo kikuu, hapa huna mapumziko. Nikakaza kitenge, nikasimama kati ya ofisa mkuu na umati. Nikatafsiri vizuri mno. Nikaongeza hata maonyo yangu binafsi kuhusu tamaa ya wafanyabiashara.

Kisha tukafika kwenye meza ya Mama Neema, mjane anayeuza unga wangu kwa niaba yangu. Mifuko arobaini. Lebo zote kwa mwandiko wangu.

Ofisa akauliza kwa Kiingereza: unga huu umetoka Kongo? Vibali vya mpakani viko wapi? Bila vibali unga unachomwa, na muuzaji anapelekwa polisi Mbarara.

Polisi akamshika Mama Neema mkono.

"Dada, ubaambie basi! Batoto ntabaacha na nani?"

Hapo nikapata wazo la kisomi. Nikamnong'oneza ofisa kwa Kiingereza kwamba unga ni wa hapa hapa. Lebo ni pambo tu. Kisha nikaugeukia umati nikatangaza kwa Kiswahili: "Anasema unga wa Uvira ni safi, hauna shida!"

Nilimsahau mwanajeshi aliyekuwa analinda lori, nyuma yangu kabisa. Kiswahili ndicho wanajeshi wa Uganda wanachotumia kuamrishana.

"Nyinyi watu! Huyu mama nadanganya nyinyi! Kwa mkubwa amesema hii muhogo ni ya hapa!"

Mchungaji akavua miwani.

"Yesu wangu!" akapiga kelele mama mmoja wa kwaya. "Na siku ile nililia juu ya bugali!"

"Hakunisikia vizuri," nikasema. (Ndiyo. Nilikana tena, na mwenzangu kashikwa mkono.)

Mwanajeshi akamtafsiria ofisa na hilo pia. (Kumbe hata kazi yenyewe ananishinda.) Ofisa akachoka, akaniambia: nani anakusagia? Mpigie sasa hivi, sauti isikike na wote. Akithibitisha muhogo ni wa hapa, lebo zinabanduliwa na mama huyu anarudi nyumbani. Asipothibitisha, apande lori.

Nikampigia Papa Byamungu, mwenye mashine ya kusaga. Niliomba asipokee. Kisha nikamtazama Mama Neema, nikaomba apokee. Mwanajeshi akaninyang'anya simu akainua juu ya vichwa vya watu, na Papa Byamungu, ambaye huongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya ziwa, akaitika:

"Allô, Mama Mwalimu! Muhogo yenye ulivuna hapa Kashojwa ukaleta juzi imeshasagika yote! Sasa kwa mifuko, tuandike Uvira tena, ao safari hii tuweke Bukavu?"