Sensa ya Gari la Mwalimu Suradi

Jumanne, 2 Aprili

Kimefika! Kidude changu cha kusomea magari. Unakichomeka chini ya usukani, simu inakuonyesha yote yanayoendelea ndani ya injini. Video nimeshatazama thelathini na moja. Mji mzima wa Kediri sidhani kama kuna kijana wa kunikaribia, na cheti sina. Wuryani wa gereji ya ng'ambo ya barabara anacho. Amekitundika ukutani, kila asubuhi anakipangusa vumbi.

Mteja wa kwanza ni Mwalimu Suradi, aliyenifundisha hesabu darasa la tano. Gari lake linakunywa petroli utadhani lina pepo, na taa ya injini haizimi. Jumamosi anataka kwenda Pacitan kwa mama yake. Idi tatu hajaenda kupiga goti mbele yake kumwomba radhi, kama ilivyo desturi yetu. Kwanza ugonjwa ule wa barakoa ulifunga njia, halafu akapasuliwa mgongo, halafu gari. Bibi ana miaka themanini na sita. Mwalimu alisema hivyo, kisha akageuka akaangalia matairi.

Nikachomeka. Sensa ya oksijeni! Ile pua iliyofungwa kwenye bomba la moshi, inainusia kompyuta ya gari kama petroli imezidi au hewa imezidi. Volti zake zinatakiwa zipande na kushuka, zipande na kushuka. Hii imelala chini. Sifuri nukta moja. Maiti! Nikatangaza msiba palepale.

Baba Mdogo Ngatiman, mwenye gereji, akauliza kama nimetafuta tundu kwanza. Huwa anavuta sigara yake ya karafuu, anapuliza moshi kwa mpira ndani ya bomba, anaangalia unatokea wapi. Nikamwambia basi puliza. Akanitazama kama nimemtukana. Ramadhani, saa tano asubuhi! Akasema tusubiri magharibi, akishafuturu atapuliza. Nikasema simu yangu haifungi, jibu inalo tayari.

Akarudi kwenye kazi yake. Nikadhani nimeshinda.

Jumatano, 3 Aprili

Sensa iligoma kutoka. Spana imevunjika, kidole gumba kimevimba kama ndizi. Hatimaye ikatoka, nikaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Nikafunga mpya. Washa!

Sifuri nukta moja.

Maana yake ni moja tu: na mpya imekufa. Nikamwandikia muuzaji maneno makali. Yale kuhusu ukoo wake nayajutia sasa hivi.

Wuryani alikuwa anapita kufuata barafu ya futari. Akasimama getini. "Injinia, sensa mbili zimefia kwako siku moja? Tuje na mikeka?" Nikamwambia akapanguse cheti chake. Halafu nikakumbuka jibu zuri zaidi, lakini alikuwa ameshavuka barabara.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimepata! Kama sensa haitaki kuongea, nitaongea mimi kwa niaba yake. Betri ya saa ya ukutani, vipande viwili vya redio mbovu vya kupunguza umeme, waya mbili hadi kwenye kompyuta ya gari. Ikapokea sifuri nukta nane, imetulia vizuri. Kompyuta ikaamini. Taa ikazimika! Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye boneti.

Mwalimu Suradi alifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Alimpigia mama yake hapohapo, akaweka sauti kubwa nisikie. Bibi akauliza, "Utaingia saa ngapi? Nianze kupika opor ya kuku lini?" Mwalimu akasema Jumamosi adhuhuri. Bibi akauliza mara tatu. Sauti yake nyembamba, kama anaogopa simu itamnyang'anya jibu. Mwalimu akamwambia, "Kuna mwanafunzi wangu hapa, Prasojo, ndiye amelitengeneza." Bibi akaniombea dua. Jina langu kalitaja mara mbili.

Jambo moja. Saa ya gereji imesimama saa nane na robo. Baba Mdogo kaitazama mchana kutwa, analalamika kwamba mwaka huu magharibi haiji. Sijamwambia.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku mbaya.

Mwalimu aliondoka baada ya sala ya alfajiri. Saa saba mchana akarudi, gari limefungwa kamba nyuma ya lori la kabichi. Kwenye mlima wa kwanza liliishiwa nguvu. Likakohoa, likasimama, na magari ya watu wanaorudi kwao kwa Idi yakapanga foleni nyuma yake yanapiga honi.

Nimeelewa sasa. Betri yangu ilikuwa inaiambia kompyuta petroli imezidi, petroli imezidi. Kompyuta ikatii. Ikapunguza na kupunguza mpaka injini ikakosa cha kula.

Nilisubiri matusi. Bora angetukana. Alikaa kwenye tairi bovu, akafuta miwani, akasema, "Jo, mama ameshapika." Basi. Siti ya nyuma kulikuwa na kanga mpya ya mama yake, bado iko kwenye karatasi.

Baba Mdogo akachomoa betri yangu, akaishika juu kwa vidole viwili. Akaigeukia saa ya ukutani. Akanigeukia mimi.

Jumapili, 7 Aprili

Nimelisukuma gari mwenyewe hadi ng'ambo ya barabara. Saumu, jua, na wauza tende wote wananiangalia. Nikamwambia Wuryani nimekuja kumwomba msaada. Akasema nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia. Alikuwa amesikia.

Akawasha dawa ya mbu ya kuchoma! Akaitia ndani ya kopo la maziwa lenye matundu mawili, mpira huku, pampu ya baiskeli kule, akaziba mwisho wa bomba kwa tambara. Akapampu. Nikauliza saumu yake. "Anayepuliza ni pampu, na pampu haijafunga," akasema. Moshi ukatoka pale bomba linaposhikana na injini. Gasketi, kile kibati cha kuziba kiungo, imeliwa. Ufa wa kuingia ukucha, mbele kabisa ya sensa. Hewa ya nje inanyonywa hapo, sensa inanusa hewa, inasema hewa. Kompyuta inaongeza petroli. Ndiyo ule ulevi wote.

Halafu akaniambia nilete sensa ya zamani. Nikaichokoa kwenye kopo la chakavu. Akaiunga kwenye mita, akaishikia kwenye ndimi za moto wa gesi. Sifuri nukta moja... nne... tisa! Akaondoa moto, ikashuka. Akarudisha, ikapanda. Nzima kuliko mimi.

"Ilikwambia ukweli tangu Jumanne," akasema, "ukaitupa jalalani."

Maduka ya gasketi yamefungwa, wenyewe wameshasafiri kwao. Atakata ya shaba kwa mkono. Nimeomba nishike koleo. Kakubali, mradi nisiongee.

Jumanne, 9 Aprili

Gasketi ya kwanza ilipasuka jana. Ya pili imeshika. Sensa ya zamani iko mahali pake, volti zinapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Mwalimu ameondoka saa nne asubuhi. Nilimsindikiza kwa macho hadi kona ya msikiti. Chakula cha Jumamosi, alisema, mama yake aligawia majirani, akaanza kupika upya.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Picha imeingia. Mwalimu kapiga goti, kichwa magotini kwa Bibi. Ile kanga mpya, ya bluu, iko begani kwa Bibi. Bibi mdogo sana kwenye kiti chake. Ameandika kwamba alifika jana alasiri, na kwamba tangu Jumamosi kile kiti kilikuwa kinakaa mlangoni. Nimeitazama muda mrefu.

Nikaenda kuomba radhi. Kwa Baba Mdogo nilipiga goti, nikakiri na ya saa. Akanishika kichwa, akasema yameisha. Kwa Wuryani nikaomba radhi ya dhahiri na ya moyoni. Akasema amenisamehe, ila nimwahidi: moshi kwanza, simu baadaye. Nikaapa. Nililia kidogo. Kumbukumbu hii isomwe siku zote!

Alasiri imamu akaingia na gari lake. Taa ya injini inawaka. Nikachomeka, kuangalia tu. Sifuri nukta moja. Imelala!

Baba Mdogo alikuwa kibarazani na sigara ya karafuu, ya kwanza mchana baada ya siku thelathini, moshi umemzunguka kichwa chote. Akainuka, akaniambia nimletee mpira apulize.

Nikamwambia akae apumzike, leo sikukuu. Hii sensa imekufa, naijua.