Bourse ya Samaki ya Kisangani

"Kuanzia leo, samaki wa Kisangani anaingia katika ustaarabu!"

Ndivyo Bwana Constant, msimamizi wa masoko, alivyotangaza mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka 1953, amesimama juu ya sanduku la bia, kofia ya jua kichwani. Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, alikuwa amefungua Bourse ya Samaki, soko la mtindo wa hisa.

Haja yake ilikuwa dhahiri. Wanawake wa sokoni waliuza samaki kwa bei moja asubuhi, nyingine adhuhuri, na jua likishalegeza minofu, karibu bure. Bei ilifuata pua. Uchumi wa kisasa, Bwana Constant alijua, haunusi.

Basi Bourse ilipewa jumba lenye feni, ubao mweusi na kanuni. Samaki mwenyewe alikatazwa kuingia, kwa sababu ya harufu. Kilichouzwa mle kilikuwa hati: hati moja, kikapu kimoja cha samaki ambaye bado anaogelea, atakayefikishwa Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, saa sita mchana. Muuzaji asiyefikisha angenyang'anywa meza yake sokoni. Mwenye hati naye hakuruhusiwa kukataa; angepokea samaki wake mahali pake pa kazi. Hicho kilikuwa kifungu cha saba. Bwana Constant alikiandika kwa mkono wake, maana aliwajua wachuuzi wa mtaa wa Mangobo kwa ujanja.

Mama Pétronille, ambaye mume wake alitega vikapu kwenye maporomoko ya mto, alimwendea karani.

"Papa Félicien, samaki yangu iko mu mayi, lakini nimeisha kuuzisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani anakula?"

"Hakuna mutu anakula. Ni bourse."

"Bon. Na meza yangu?"

"Ukileta samaki, meza inabaki."

"Alors andika. Andika mingi."

Wenzake nao wakaandikisha. Kila Ijumaa, nyama ikiwa marufuku, mji mzima ulikimbilia samaki, mapadri wakiangalia, na bei ikapanda. Bwana Constant alichora mstari ubaoni. Mstari ulielekea juu, naye aliheshimu ukweli: kinachopanda kinapanda. Akachukua mshahara wa miezi ijayo, akaanza kununua hati, si kwa tamaa, bali kutuliza soko. Kufikia Juma Kuu soko lilikuwa limetulia kabisa: hati zote zilikuwa zake. Gavana wa jimbo angepita Jumamosi hiyo hiyo alasiri kuikagua Bourse. Akiridhika, Bwana Constant angehamishiwa Léopoldville kwa cheo kikubwa.

"Bwana," alisema Félicien, "Jumamosi saa sita Kwaresima inaisha."

"Ndiyo maana nikaichagua. Saa sita na nusu tunafunga hesabu."

Félicien akaendelea kuchonga penseli.

Jumamosi Kuu, saa sita, kengele za kanisa zikalia. Mangobo yote ikageukia mbuzi. Kutoka maporomokoni wanawake wakaja kwa mstari, vikapu vichwani. Wakajaza baraza. Wakajaza ngazi. Kisha wakaingia jumbani na kupanga vikapu chini ya feni.

"Mama, munafanya nini?" Bwana Constant alipiga kelele.

"Tunaleta, Bwana," Mama Pétronille alisema, akijifunga kitenge upya. "Donc, meza yangu inabaki?"

"Pelekeni sokoni!"

"Samaki ya nani? Iko yako. Kifungu ya saba."

Ubaoni bei ilikuwa bado juu sana. Mnunuzi hakuonekana. Jua liliendelea na kazi yake bila kusoma ubao, na feni zikausambaza ushahidi kila chumba. Saa nane na nusu Bwana Constant alivua kofia, akatoka barazani.

"Samaki! Samaki iko frais, haijaoza!"

"Bwana," Félicien alinong'ona, "kuuza kwa kelele ni marufuku. Kifungu cha nne."

"Nyamaza! Samaki iko frais!"

Waliokuwa wakipita na mbuzi wao walisimama kidogo kumtazama mzungu akichuuza.

"Uongo hiyo, tonton!" mmoja akamjibu. "Tunasikia harufu yake toka kule kwa kona!"

Mwishowe Mama Pétronille alirudi. Akainama juu ya kikapu, akavuta pumzi taratibu.

"Nitakamata yote. Ya kukausha na moshi."

"Kwa bei gani?" Bwana Constant aliuliza, akiutazama ubao.

Mama Pétronille hakuutazama. Aligusa pua yake kwa kidole.

"Ya saa hii."

Honi ya gari la Gavana ikasikika barabarani. Bwana Constant akainama juu ya kikapu, akanusa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Bourse, pande zote mbili zikakubaliana bei.