Ombi la Kutenganisha Programu Mbili Zilizounganishwa Bila Mimi Kuulizwa

Kwa Mzee Mbarak,
Mkurugenzi, ofisi yetu ya wahasibu,
Kisumu.

Mzee wangu,

KUH: PROGRAMU YA MAPENDEKEZO NA PROGRAMU YA KUSIMAMIA KAZI

Natumai umeamka salama na chai imekufikia ikiwa bado moto. Mimi ni Selpha, karani wako kwa miaka kumi na tisa sasa, yule wa meza iliyo kwenye kona ya ngazi, kati ya juu na chini. Najitambulisha kwa sababu tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hakuna mtu anayesimama kwenye kona hiyo, na huenda umeanza kunisahau.

Nianze na mambo yalivyokuwa, ili hata ukimwonyesha mtu mwingine barua hii aelewe uchungu wangu. Dalmas, aliye juu, huwaandikia wateja mapendekezo: tutawafanyia nini na lini. Mteja akikubali, Dalmas alichapisha karatasi akanipa. Mimi niliiteremsha hadi kwa Winny, naye akaiandika yote upya kwenye programu yake ya kupanga kazi. Safari hiyo ya ngazi ishirini na mbili ilichukua siku tatu, na kila mtu aliizoea. Sasa amekuja fundi wa kompyuta, akanywa soda mbili, akaunganisha programu ya Dalmas na ya Winny. Mteja akibonyeza "Nakubali" kwenye simu yake, kazi inajifungua yenyewe kwa Winny ikiwa na jina, wahusika na tarehe ya mwisho. Mimi sikupewa hata pole.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja wetu wamepungua. Mama Swaumu anayeuza magodoro pale Mamboleo alikuwa kwetu wateja watatu: Swaumu, Saumu na Suamu. Kila Idi alipokea kadi tatu na alitupenda mno. Programu sasa imemtambua kuwa ni mtu mmoja. Kwa jumla tumepoteza wateja thelathini na wanne kabla ya chai ya saa nne, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.

2. Haraka isiyo na adabu. Mteja wetu wa Sondu alibonyeza "Nakubali" akiwa amekaa kwa kinyozi. Kabla hajanyolewa upande wa pili alikuwa ameshapata ujumbe wa kumkaribisha pamoja na orodha ya karatasi za kuleta. Alinipigia simu kwa wasiwasi. "Mama Selpha, mko sawa huko? Kuna mtu anawafukuza?"

3. Ahadi. Hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Mzee, Dalmas ni mtu mzuri, lakini mkono wake ukishika pendekezo unatia sukari. Kwa miaka sita amemalizia kila pendekezo kwa maneno haya: "Tutafika wenyewe na kuhesabu mali yako kwa mkono, moja baada ya nyingine." Na kwa miaka sita hatujamhesabia mtu chochote. Sababu ni mimi. Mstari huo nilikuwa naukunja kwa ndani kabla ya kumfikishia Winny karatasi, kwa kuwa fomu yake ilikuwa na nafasi ndogo, na Winny ana watoto wanaomngoja nyumbani. Programu haijui kukunja. Kila mstari inaugeuza kazi.

Jumanne, Mama Nabututu alikubali pendekezo letu. Huyu ni mjane anayefuga samaki aina ya ngege kwenye vizimba ndani ya ziwa, upande wa Dunga. Jumatano asubuhi Winny alinijia akiwa amekumbatia kompyuta kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Kwenye kioo paliandikwa: Kuhesabu samaki kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Wahusika: Dalmas na Winny. Mwisho: Alhamisi.

"Futa," nilimwambia.

"Nifute aje, mama? Mteja ameshapata ujumbe. Amejibu anatungoja kesho saa tatu."

Dalmas aliitwa. Alisoma, akakuna shingo. "Lakini hiyo ni lugha ya biashara tu," akasema.

"Basi kesho lugha yako itapanda mashua," Winny akamjibu, akarudi chini.

Niliandamana nao kwa sababu Winny anaogopa maji na alihitaji mkono wa kushika. Fahamu, Mzee, kwamba nimeliona ziwa kupitia dirisha la ofisi yako miaka yote hii, lakini sikuwahi kuwa juu yake.

Tulimkuta Mama Nabututu amesimama ufukweni, mikono kiunoni. Kando yake alikuwa Okello, mlinzi wa vizimba, amekalia begi lake la nguo. Yule mama hakuzungusha maneno. Samaki wake wanapungua, alisema, na anayelala karibu nao ni mmoja tu. Leo anaondoka. Alichotaka kwetu ni hesabu iliyoandikwa, aipeleke kwa chifu.

Okello aliinuka, akamtazama Winny badala ya kumtazama mama huyo. "Madam, mimi samaki ya huyu mama sijaguza. Hesabu tu. Lakini hesabu yote."

Tukapanda mashua, tukahesabu. Okello alichota kwa wavu mdogo na kuwahamishia kwenye kizimba kitupu kilichokuwa jirani, Dalmas alitaja namba kwa sauti, Winny aliandika, na mimi nilipiga alama zangu nyuma ya bahasha ili tusikosane. Dalmas alitapika mara mbili, akirudi anaendelea pale pale alipoachia, na kwa hilo nampongeza. Kufikia saa tisa tulikuwa na samaki elfu moja mia tatu na kumi na sita. Waliowekwa walikuwa elfu mbili.

"Si niliwaambia?" alisema Mama Nabututu.

Okello alikaa chini kwenye mashua akaanza kunawa mikono, polepole, kidole kimoja kimoja. Mimi nilitazama pembeni, maana sikuweza kumtazama.

Lakini unamjua Winny namba isipokaa vizuri. Hata maji aliyasahau. "Karibu mia saba," akasema. "Mtu mmoja atabeba hizo zote na nini, na watu wa hapa wasione? Inueni wavu wa hiki kizimba tulichokimaliza."

Wakauinua. Kwenye pembe ya chini kabisa palikuwa na tundu ambalo hata kichwa changu kingepita na kilemba juu. Kingo zake zilikuwa zimetafunwa. Okello alizishika, akazinusa. "Fisi-maji, yule mla samaki," akasema. "Na wavuvi walikuwa wanasema wamemuona, nikadhani ni stori."

Tuliporudi ufukweni, Mama Nabututu alimtangulia Okello, akalichukua lile begi yeye mwenyewe, akajitwika kichwani na kulirudisha kwenye kibanda. Okello alijaribu kumpokea, akakataa. "Niache nibebe," akasema. "Nilikuita mwizi mbele ya watu, wacha watu wanione nikibeba."

Sasa, Mzee, unaiona hatari? Tukiacha mambo yaendelee hivi, kila tunachomwandikia mteja tutatakiwa kukifanya. Hakuna ofisi itakayostahimili. Kuhusu ule mstari niliokuwa naukunja, na kuhusu Okello angekuwa wapi leo kama ningeukunja tena, sipendi kuliwaza sana jambo hilo.

4. Mama Nabututu sasa anataka tuje kila mwezi. Amewaambia na majirani zake, na saba kati yao wameshabonyeza. Mmoja anafuga bata. Wewe waza kuhesabu bata.

5. Dalmas ameanza kuandika ukweli. Jana nilisoma pendekezo lake jipya lote, na lilikuwa nusu ukurasa. Amekonda.

6. Hili la mwisho ni langu binafsi. Nilipokuwa nabeba karatasi nilijua nani amegombana na nani, nani mtoto wake anaumwa, nani anahitaji kuambiwa aende nyumbani mapema. Nilikuwa naleta kazi na habari kwa pamoja. Sasa kazi inafika bila habari, na ofisi nzima iko kimya kama benki.

Kwa hiyo naomba: kwanza, programu zitenganishwe. Pili, Dalmas arudishiwe mashine ya kuchapisha. Tatu, kama hayo yote hayawezekani, basi ziunganishwe lakini zipite mezani kwangu kwa siku angalau moja.

Msalimie mama wa nyumbani, umsalimie na mtoto Afnan akirudi kutoka shule, wasalimie majirani wote wa Kaloleni wanaonifahamu na hata wasionifahamu, kwa kuwa salamu zangu nazo siku hizi hazina pa kupitia.

Wako mtiifu, mwenye kinyongo kidogo,
Selpha Opondo,
Karani, Kona ya Ngazi.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha Winny aliponiletea faili la mwezi wa pili. Ndani yake kuna barua iliyoandikwa kwako na mtu anayelalamika kwa uchungu juu ya magoti yake, ngazi ishirini na mbili, na ujinga wa kuandika jambo moja mara mbili. Mtu huyo anaomba, kwa niaba ya wafanyakazi wote, programu hizo mbili ziunganishwe upesi. Mwandiko unafanana na wangu. Sahihi pia. Nimeisoma mara tatu na lazima nikiri imeandikwa vizuri kuliko hii.

Ukiweza, iache ile isimame na hii uichane. Ila tafadhali usimpe Winny aiingize kwenye programu kabla hujaichana, kwa sababu itajifungua kama kazi, itawekewa tarehe, na mhusika nitakuwa mimi, nami Jumamosi nimeshaomba ruhusa. Mama Nabututu amesema nikitaka nije tu, hata kama hakuna cha kuhesabu, nikae kwenye mashua.