Vidonge vya Lyle na Forodha ya Mpakani

Jumatatu, 6 Januari

Mpango wangu umeanza. Kuanzia leo mfuko wa matibabu wa kiwanda chetu cha madirisha haununui tena dawa ghali hapa Minnesota. Zitatoka Kanada kwa posta, kupitia wakala mmoja wa Winnipeg mwenye sauti ya upole sana. Dawa ileile, bei chini ya nusu. Bwana Tollefson, mwenye kiwanda, alinishika bega mbele ya watu. Hajawahi kunishika bega.

Doreen Maki wa uhasibu akakitia kitumbua changu mchanga, kama kawaida yake. Alitaka mfuko uendelee kulilipa duka la dawa la hapa mjini kwa mwezi mmoja, mizigo isije ikachelewa. Wazo si baya. Lingetoka kwangu ningelikubali. Nikasema mlango ukiachwa wazi watu watarudi kulekule. Bwana Tollefson akaniunga mkono. Doreen akafunika kalamu yake taratibu.

Nimeagiza pia mizigo yote ije kwa jina langu. Nitakabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono. Watu wajue neema inatoka wapi.

Jumatano, 8 Januari

Lyle Haugen alikuja ofisini, kofia mkononi. Anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani, mtu mkimya. Mwaka jana damu iliganda moyoni mwake, na tangu hapo anameza kidonge asubuhi na jioni isigande tena. Vimebaki vichache. Duka la mjini limemwambia mfuko haumlipii. Alinitajia bei ya kujilipia kwa aibu, utadhani yeye ndiye aliyeipanga.

Nikampigia wakala. Mzigo uko njiani. Nikamwambia Lyle uko njiani. Akashukuru. Nafikiria kumpiga picha kwa ajili ya jarida la kiwanda.

Ijumaa, 10 Januari

Mzigo umeshikwa forodha. Wakala anasema ni jambo la kawaida. Hakulisema hilo mwezi Novemba tulipopatana.

Kuta za ofisi hizi ni nyembamba, Doreen akasikia. Akaja kusema anaweza kusaini malipo ya dharura, Lyle akachukue dawa dukani leo hii. Nikamwambia tusiwe na papara.

“Wendell, hii si rangi ya mbao,” akasema. “Hii ni damu ya mtu.”

Malipo ya dharura, wiki ya kwanza, yenye saini ya Doreen. Bwana Tollefson angeyaona kabla ya chakula cha mchana. Nikakataa. Nikamfuata Lyle ghalani, nikamwambia ameze kimoja kwa siku badala ya viwili mpaka Jumatatu. Akauliza kama daktari ndiye kasema. Nikamjibu watu wengi hufanya hivyo. Sijui ni watu gani.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeamua kuifuata dawa mwenyewe. Nilivuka daraja la mpakani asubuhi na nakala ya cheti cha daktari wa Lyle. Baridi ya kugandisha kope.

Mfamasia wa upande wa pili alikuwa binti mwenye miwani. Akasema cheti cha daktari wa kwetu hakifai mpaka daktari wa kwao akitie saini, na huyo atarudi Jumatatu. Nikamweleza kwamba mimi ndiye mkuu wa maslahi ya wafanyakazi. Akasema hongera.

Nikanunua donati za ofisi, nikarudi. Afisa wa forodha akaniuliza nilifuata nini Kanada. Nikajibu dawa. Walifungua mpaka gurudumu la akiba. Donati zikawa mawe. Walipomaliza, betri ikawa imekufa. Nilivutwa mpaka nyumbani na gari la kuzolea theluji barabarani. Dereva ni binamu yake Doreen.

Jumatatu, 13 Januari

Lyle hakuja kazini. Nilidhani amenuna.

Bwana Tollefson akatuita. Jana baada ya ibada, watu wakinywa kahawa katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kikombe kilimponyoka Lyle na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Amepelekwa hospitali ya Duluth kwa helikopta.

Nikauliza kama helikopta inalipwa na mfuko wetu. Lilinitoka tu. Doreen alikuwa akitazama mikono yake. Ni heri angenitukana.

Jumanne, 14 Januari

Mzigo umepatikana. Forodha walikuwa wameshauachia. Ulikuwa posta ya hapa mjini tangu Jumamosi asubuhi, ukinisubiri mimi, maana una jina langu. Mtaa wa pili kutoka kwa Lyle. Karani wa posta anasema Lyle alipita kuuliza siku hiyohiyo. Akamwambia hakuna mzigo wa Haugen.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda Duluth na boksi. Lyle amelala, mkono wa kulia umetulia juu ya shuka kama glovu iliyosahauliwa. Mkewe, Bernadine, alikuwa akimfuta mdomo. Nikamkabidhi dawa kwa mikono miwili.

“Atazimezaje, Wendell? Hata maji yanampalia.”

Nikasema kila mpango mpya una matatizo ya mwanzo.

“Mimi nilimwambia tuuze boti tukanunue dawa,” akasema, bila kupaza sauti. “Akaniambia, hapana mama, Wendell kasema Jumatatu. Basi tukasubiri Jumatatu yako.”

Lyle akanitazama. Akajitahidi kusema kitu, ikatoka sauti tu. Nikamwambia sawa, sawa, kana kwamba nimeelewa. Nikaliacha boksi kitandani. Bernadine akanifuata nalo hadi kwenye lifti, akaliweka mkononi mwangu, akageuka.

Nilikaa garini muda mrefu. Theluji ilifunika kioo chote na sikuwasha waipa.

Jumatano, 22 Januari

Bwana Tollefson ameuvunja mpango. Duka la mjini limerudi. Mfuko sasa uko chini ya Doreen, na meza yangu imehamishiwa karibu na chumba cha rangi. Nimekubali kiume. Kichwa kinauma kidogo kwa ile harufu.

Nimefikiri sana siku hizi, na kosa nimeliona. Kosa ni Kanada. Iko karibu mno, forodha wamezoea kuichungulia. Nimezungumza na wakala. Ana mtu New Zealand, kisiwa safi, hakishukiwi na yeyote. Bei ni ya chini zaidi. Safari ni ndefu kidogo.

Leo pia nimepata habari za Lyle. Bado hasemi, lakini ameanza kumeza vitu laini. Daktari amemwandikia dawa nne badala ya ile moja, zote za maisha, na zote ghali. Bernadine lazima yuko katika dhiki kubwa. Kesho nitampigia mapema, kabla Doreen hajampata, nimwambie asinunue chochote hapa mjini. Anisubiri mimi.