Jina Langu Litangulie

Jumatatu, 2 Julai 1956

Imethibitika! Leo alasiri, kwenye stoo ya kaka yake Polycarp, Mtaa wa Msimbazi, katikati ya magunia ya maharage. Sisi wanne! Nimerudi nyumbani nusu nakimbia.

Niandike vizuri, maana wajukuu watasoma. Unapanga mashimo kwa duara. Kila shimo unatia maharage upendavyo. Unazoa yote ya shimo moja, unayapanda moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Inapoangukia punje ya mwisho, unazoa tena hapo, unaendelea. Muda mrefu tumekuwa tukiona kwamba maharage, yatangatange vipi, mwisho hurudi yalivyokuwa mwanzo. Je, ni lazima, daima? Hakuna aliyejua. Leo tunajua. Daima!

Fundo alilifungua Hyasinta, mwalimu wa shule ya wasichana, aliyejaribu kucheza kinyumenyume. Mwalimu mwenzangu Polycarp akaandika. Mzee Mwinyimvua, karani mstaafu wa upimaji, akakagua kila mstari. Mimi nikashangilia. Tena ni mimi niliyesema tutumie maharage badala ya kokoto. Bila maharage tungefika wapi?

Jumamosi Bwana Sadalla, mhadhiri wa hesabu anayefundisha Kampala, kwao Mombasa, atatusikiliza. Akiridhika, atapeleka makala yetu kwenye jarida la Ulaya. Ulaya!

Jumanne, 3 Julai

Balaa. Polycarp ameandika majina juu ya makala: Hyasinta, Mwinyimvua, Polycarp, Zahoro. Nikauliza kulikoni mimi mkiani. Akasema wanahesabu hupangwa kwa alfabeti, ili asiwepo mkubwa wala mdogo. Vizuri kwake. Yeye si Zahoro.

Sikula chakula cha mchana. Nilikula kidogo tu. Sahani mbili.

Jumatano, 4 Julai

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nikajikata. Kwa nini tufuate alfabeti ya Kizungu? Tuko Kariakoo! Tufuate ya Kiarabu. Humo ze, herufi ya jina langu, iko mbele sana kuliko mimu na he.

Mzee Mwinyimvua alifurahi mno. Akashika chaki, akaanza kupanga. Lo! Kiarabu hakina P. Polycarp anaandikwa kwa be, herufi ya pili. Mchagga wa Kibosho, asiyejua hata alifu, akaruka hadi wa kwanza! Akasema alfabeti hii ni nzuri sana, mbona misheni hawakuwafundisha. Hyasinta akajikuta wa mwisho. Alitutazama tu, mmoja mmoja.

Tumerudi kwenye ya Kizungu.

Alhamisi, 5 Julai

Nimegundua kwamba jina langu la utotoni ni Abeid. Nimegundua asubuhi, darasani, katikati ya somo la sehemu.

Mke wangu Siwema nilimwomba aanze kuniita Abeid ili nizoee. Akauliza huyo Abeid ana kazi gani, na kama mshahara wake huletwa nyumbani.

Nikaenda stoo, nikawaeleza wenzangu kwa unyenyekevu mkubwa. Mzee Mwinyimvua akavua miwani. Akasema akika yangu, sherehe ya kunipa jina, ilifanyika Mtaa wa Sikukuu, yeye alikuwepo, nyama ya mbuzi alikula, na jina lililotajwa lilikuwa Zahoro.

"Basi Abeid alikuwa yule mbuzi?" akauliza Polycarp.

Walicheka mpaka kaka yake Polycarp akaja kuchungulia. Mimi nikatoka na heshima yangu.

Ijumaa, 6 Julai

USHINDI! Nilinuna mchana kutwa, nikanuna kwa ufundi, mpaka Hyasinta akachoka.

"Mwalimu Zahoro, tangulia basi," akasema. "Lakini jina linalotangulia ndilo litakalosimama kesho kumweleza mgeni."

Kusimama mbele ya watu! Ningelipia nafasi hiyo! Mzee akakuna kichwa. Polycarp, mtu mwema, akajitolea kunipitisha tena kwenye sehemu ya tatu ya makala, ndipo ulipo moyo wa uthibitisho. Nikamwambia nimeshaisoma. Kweli nimeisoma. Haraka, lakini kwa mapenzi. Zaidi ya hayo nilikuwa na koti la kupiga pasi.

Jumamosi, 7 Julai

Nimejifungia chumbani.

Darasa tuliloazima, karibu na Mnazi Mmoja, lilijaa. Nilianza vizuri mno. Nikapanda maharage mezani, yakatangatanga, yakarudi yalivyokuwa. Watu wakapiga makofi! Nikainama. Nikainama tena.

Kisha Bwana Sadalla, kwa Kiswahili chake cha Mombasa, akasema anakubali kwamba lazima mpangilio fulani ujirudie, maana idadi ya mipangilio ina mwisho.

"Lakini kwa nini uwe ule wa mwanzo?" akauliza. "Mbona yasizame kwenye mzunguko mwingine, mwanzo yasiuone tena?"

Sehemu ya tatu! Ilikuwa hapo hapo, na kichwani mwangu hamna kitu.

"Kwa sababu," nikasema, "yamezoea pale."

Kicheko. Wenzangu hawakucheka. Polycarp alikuwa ameinamisha uso. Mzee Mwinyimvua alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi. Jioni zote zile za stoo, nami ndiye ninayeziua.

Hyasinta akasimama, akaja mbele, akanitoa chaki mkononi polepole.

"Mchezo huu unarudishika nyuma, na kwa njia moja tu," akasema. "Kila mpangilio una mlango mmoja wa kuingilia. Ukitaka kuingia kwenye mzunguko kutoka nje, lazima mpangilio mmoja uwe na milango miwili, wa waliomo na wako. Haupo. Basi mwanzo wenyewe umo ndani ya mzunguko."

Bwana Sadalla aliruka kitini! Akampa mkono. Akasema atayapeleka makala, na juu yake ataandika "Hyasinta na wenzake".

"Hapana," Hyasinta akasema. "Ni majina manne, kwa alfabeti. La sivyo, turudishie."

Akayaandika manne. Langu la mwisho, lakini lipo. Nilisingizia vumbi la chaki machoni.

Jumapili, 8 Julai

Wenzangu wamekuja kunitazama. Wamemaliza vitumbua vya Siwema. Wamesema kesho stoo kama kawaida, na kwamba maharage yananingoja.

Mzee Mwinyimvua ameuliza kama jana imenifunza kitu. Nimemjibu imenifunza sana, akafurahi, akaniombea dua.

Na imenifunza kweli! Nimeona kosa lilipokuwa. Si sehemu ya tatu, hata kidogo. Kosa ni kuwapa watu nafasi ya kuuliza. Kwa hiyo walipoondoka tu nimeteremka Magogoni, nikazungumza na serahangi, msimamizi wa mabaharia wa pantoni. Amekubali! Jumamosi nitahutubia abiria wanaovuka kwenda Kigamboni. Safari ni fupi: muda wa kuhutubia upo, wa kuuliza haupo, na asiyependa hana pa kutokea. Mhutubu ni mmoja, mimi.

Sehemu ya tatu nitawasomea honi ikilia, asisikie mtu.